Ahmad bin Majid, rubani aliyesingiziwa

KATIKA mabaharia wote waliopata kuikata Bahari ya Hindi kwa tanga, hapana aliyevuma jina kama Shihabuddin Ahmad bin Majid, mtu wa Julfar. Tena hapana aliyezushiwa jambo zito kama yeye. Muulize mtu yeyote aliyepita darasani katika mwambao wetu ni nani aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya Bara Hindi, naye aghalabu atakujibu papo hapo kuwa ni Ahmad bin Majid. Jibu hilo limeandikwa na kurudiwa kwa miaka mingi. Lakini ni wachache mno wajuao bwana huyo alikuwa mtu wa namna gani, alitunga nini, na elimu yake ilikuwa elimu ya nini hasa.

Lililonisukuma kuandika habari hizi ni jambo dogo. Huku Kiamunyi, nje ya mji wa Nakuru kwenye njia ya Kabarak, maji makubwa tuliyo nayo karibu ni lile ziwa la magadi lenye heroe, ambalo halina wimbi la kumtisha mtoto. Vijana wa huku wakipata likizo huteremka Malindi, na siku hizi wako wanaotaka kujua ni wapi penye mawimbi mazuri ya kupandwa kwa ubao. Mchezo huo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi hadi mchangani ulistawi zamani sana katika visiwa vya Hawaii, huko Bahari ya Pasifiki, nao umekwisha kuingia pwani yetu. Wazee wengine wanauona upuuzi. Lakini ukiyasikiliza vizuri maswali ya vijana hao utaona kuwa ni yale yale ambayo Ahmad bin Majid aliyatumikia maisha yake yote: wimbi huvunjikia wapi, kwa upepo gani, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa? Tofauti ni kwamba kijana wa ubao hulitafuta wimbi linalovunjika, na rubani hulikimbia.

Chukua Malindi yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina ukuta wa miamba ya matumbawe mbele yake. Wimbi likija kutoka kilindini hujibomoa juu ya ukuta huo, na ndani maji huwa yametulia kama ya birika. Mbele ya ghuba ya mji wa Malindi ukuta huo umekatika. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji, huleta maji matamu na tope jekundu kutoka bara, na tumbawe halistahimili hayo mawili. Kwa hiyo katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi yanayosukumwa kutoka kusini hupata nafasi ya kuingia mpaka ufukoni. Ndiyo maana katika zama za ukoloni walowezi wa Kizungu wa kutoka bara walikuwa wakifuata mawimbi ya Malindi kwa kuogelea. Ukienda kusini kidogo, penye mbuga ya baharini iliyotengwa mwaka 1968, miamba inarudi, na watu huenda huko kutazama samaki.

Wavuvi hawahitaji kufundishwa haya, lakini kwa faida ya vijana wetu wa bara nitasema kidogo. Wimbi huanza kuvunjika pale kina cha maji kinapokaribia kulingana na kimo cha wimbi lenyewe. Chini pakiwa na mteremko wa taratibu, wimbi humwagika polepole. Pakiwa na mwamba ulioinuka ghafula, hupinduka kwa kishindo. Penye mlango wa mwamba utaona povu jeupe pande mbili, na katikati njia ya maji meusi. Mpanda ubao hukaa ubavuni, karibu na povu, na nahodha hupita kati, kwenye maji meusi. Wote wawili wasipojua kusoma maji hayo, mmoja atavunja ubao wake na mwingine atavunja chombo chenye roho za watu na mali zao.

Sasa tumrudie mwenyewe. Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, bandari iliyokuwa karibu na mji wa Ras al-Khaimah wa leo, katika Falme za Kiarabu. Kuzaliwa kwake hukadiriwa kuwa katika miaka ya 1430. Julfar ya zama hizo ilikuwa chini ya himaya ya wafalme wa Hormuz, nayo ilikuwa na lulu, wafanyabiashara, na vyombo vya safari za mbali. Babu yake, Muhammad, alikuwa maalimu wa bahari, na baba yake, Majid, vilevile. Neno hili maalimu watu wa vyombo wanalifahamu: ni yule mtu wa chomboni ambaye kazi yake ni kuijua njia. Nahodha huamuru watu na shehena. Maalimu huamuru chombo kielekee wapi.

Mzee Majid alikuwa bingwa wa Bahari ya Shamu, bahari ambayo miamba yake imetapakaa pande zote mbili na ambayo imemeza vyombo vingi vya mahujaji na vya biashara. Mabaharia walimpa lakabu ya rubani wa pwani mbili, yaani pwani ya Arabuni na pwani ya upande wa Afrika. Alitunga utungo mrefu wa zaidi ya mistari elfu, ulioitwa Hijaziya, wa kuelekeza njia za bahari hiyo. Mwanawe aliurithi utungo huo, lakini hakuuweka juu ya rafu kama hirizi. Aliusafiria, akaupima, na palipohitaji kusahihishwa akasahihisha, maana alishikilia kwamba elimu ya bahari huthibitishwa na safari.

Msimamo huo ndio uliomgombanisha hata na waliokwisha kufa. Kabla yake walikuwako maalimu watatu mashuhuri sana, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, waliotangulia zama zake kwa karne kadhaa na ambao mabaharia waliwaita simba wa bahari. Ahmad bin Majid aliwataja kwa heshima, akajihesabu kuwa wa nne wao, kisha akawatoa makosa: kwamba walikuwa wakusanyaji wa habari za wengine zaidi kuliko wasafiri, na kwamba kitabu chao hakina mpango. Kiburi? Alikuwa nacho, tena si kidogo. Katika tungo zake hajisifu kwa kuficha. Msomaji atachoka naye pengine, lakini atakiri kwamba mtu huyu alijisifia kitu alichokijua.

Utungo wake mkubwa wa kwanza, Hawiya, aliumaliza mwaka 866 wa Hijra, yaani 1462. Nao pia una zaidi ya mistari elfu. Watu wa pwani, waliolelewa kwa tenzi, hawatashangaa kuona elimu ya bahari imewekwa katika utungo. Karatasi hulowa, taa huzimika, na usiku wa dhoruba hapana nafasi ya kufungua kitabu. Kilichomo kifuani hubaki, na vina huzuia tarakimu zisipotee. Maalimu aliyeihifadhi Hawiya alikuwa na ramani ya bahari kichwani mwake, kutoka Bahari ya Shamu hadi pwani za mashariki.

Kitabu kilichomfanya asisahaulike ni kile cha nathari, Kitab al-Fawaid, yaani kitabu cha faida katika misingi na kanuni za elimu ya bahari, cha mwaka 895 wa Hijra, sawa na 1489 au 1490. Kina faida 12. Kinaanza na asili ya kusafiri baharini tangu safina ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, na habari za sumaku. Halafu kinaingia katika vituo 28 vya mwezi, pembe 32 za dira zilizopewa majina ya nyota zinakochomoza na zinakotulia, visiwa vikubwa vya dunia, ambapo Unguja imo pamoja na Bukini na Sokotra, na misimu ya pepo. Faida ya mwisho ni ya Bahari ya Shamu, mwamba kwa mwamba, na ndani yake msomaji anaona kuwa huyu ni mwana wa Majid kweli.

Safari alizigawa namna tatu. Kuna safari ya kuambaa na pwani, ambayo chombo hakipotezi nchi machoni. Kuna safari ya kukata bahari moja kwa moja kutoka pwani hii hadi ile. Na kuna ile ya kutoka nje, kuiacha nchi, na kubadili mwelekeo baharini kabla ya kuitafuta nchi nyingine. Mtu wa bara angedhani ya kwanza ndiyo nyepesi. Kwa mabaharia ilikuwa ya hatari, kwa sababu miamba, mafungu na vipwa viko pwani, na wimbi ni mpole kilindini kuliko penye maji haba. Usiku wenye upepo wa kusukumia nchi, usalama uko mbali na nchi. Nawaomba wasomaji walikumbuke neno hili, maana litatufaa tutakapofika kwenye shutuma.

Kuhusu kupima njia, maalimu wa zama zile walitumia kidole. Walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo, wakakihesabu kwa vidole. Kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Muda wa safari ulihesabiwa kwa zamu, na zamu moja ilikuwa saa tatu. Kaskazini walitegemea nyota ya Jah, ile ya kaskazini isiyohama. Lakini chombo kikishuka kuja kwetu, Jah huzama. Ukiwa Malindi, Mombasa au Kilwa huioni kabisa. Hapo maalimu huhamia kwenye Farkadani, nyota mbili zilizo jirani na Jah, na akienda kusini zaidi hutumia zile saba za Naash.

Kukisia kwa nyota kulimfikisha mtu karibu na nchi. Kuiingia nchi kulihitaji elimu nyingine, aliyoiita ya ishara, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa kazi yake. Rangi ya maji, tope au mchanga unaoganda kwenye bildi, ndege wa aina fulani wanaoruka alfajiri, majani ya baharini yanayoelea, umbo la mlima unaoonekana kwa mbali, vyote hivyo ni maandishi. Kwenye pwani ya magharibi ya Bara Hindi nyoka wa baharini wakianza kuonekana, maalimu alijua kuwa nchi i karibu hata kama macho hayajaiona. Kijana anayesimama ufukoni Malindi akitazama maji yanabadilika rangi wapi na povu linaanzia wapi, anasoma herufi mbili tatu za kitabu hicho.

Na siku za kusafiri je? Ahmad bin Majid alizihesabu kwa Nairuzi, kwa kuhesabu siku tangu mwaka wa jua unapoanza, akasema chombo cha mahali fulani kitoke siku ya ngapi na kisipite siku ya ngapi. Hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi ndiyo waliyoitumia wavuvi na wakulima wa mwambao wetu, na Makunduchi mpaka leo huadhimisha Mwaka Kogwa. Mwezi wa Kiislamu hauwezi kumwambia baharia lini kusi litaanza, kwa kuwa unazunguka. Jua na nyota ndizo zinazokaa na pepo. Alijua pia kwamba kusi likishika sana, katikati ya mwaka, bandari za magharibi ya Bara Hindi hufungwa na mawimbi, na chombo kilichochelewa ni heri kisiende.

Pwani yetu aliitungia utungo wake, Sofaliya, unaoeleza njia ya Afrika Mashariki hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kulikotoka dhahabu. Utungo huu ulilala katika maktaba ya Leningrad pamoja na tungo zake nyingine mbili, na haukujulikana na wengi mpaka mwaka 1957, alipouchapisha mtaalamu wa Kirusi Teodor Shumovsky, ambaye mwenyewe alikuwa amepitia miaka mingi ya vifungo katika zama za Stalin. Nakala za Kitab al-Fawaid nazo ziko Paris, na tafsiri kamili ya Kiingereza, ya G. R. Tibbetts, ilitoka mwaka 1971. Inasikitisha kidogo kwamba mtu aliyeandika habari za bahari yetu kwa lugha ambayo masheikh wetu wanaisoma, tumekuja kumjua kwa kupitia Urusi, Ufaransa na Uingereza.

Dini yake haikuwa ya kujionyesha. Katika mafundisho yake kwa mabaharia anawataka wawe na tohara wanapopanda chomboni, kwa kuwa aliye baharini ni mgeni wa Muumba wake na hafai kuacha kumtaja. Aliandika pia namna ya kuielekea kibla kutoka nchi mbalimbali, jambo ambalo maalimu wa bahari hulijua kuliko watu wengi, maana kila alfajiri ni lazima alijue upya.

Sasa tufike mwaka 1498. Vasco da Gama alipoizunguka Afrika na kupanda kaskazini, alikuwa kipofu katika maji haya. Mwanzoni mwa Aprili merikebu yake São Rafael ilipanda fungu kabla ya alfajiri karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena, na wenyeji wakaja kwa vyombo vidogo wakiwa na machungwa, ambayo Wareno waliyasifu kuliko ya kwao. Mombasa hawakuelewana. Tarehe 14 Aprili walifika mbele ya Malindi, ambayo mfalme wake alikuwa hasimu wa Mombasa na kwa hiyo akawakaribisha. Bandarini walikuta vyombo vinne kutoka Bara Hindi.

Shajara ya safari, iliyoandikwa na mmoja wa watu wa merikebuni, inaeleza jinsi rubani alivyopatikana, na haipendezi. Mfalme alikuwa ameahidi lakini hakutimiza upesi. Mtumishi wake mmoja wa karibu alipopanda merikebuni, da Gama alimzuia kama rehani, akapeleka habari ufukweni kuwa hatamwachia mpaka rubani aletwe. Rubani akaletwa. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi lilipokuwa linaanza. Siku tano baadaye wakaiona tena nyota ya kaskazini, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi ya Bara Hindi. Shajara inamwita rubani huyo Mkristo, na inajulikana kwamba Wareno katika safari ile waliwachukua Mabaniani kuwa ni Wakristo. Wanahistoria wa Kireno waliofuata, Castanheda na Barros, walioandika katika miaka ya 1550, wanamwita Malemo Canaqua au Malemo Cana, na Barros anasema alikuwa mtu wa Gujarati. Ukilitafuna jina hilo utaona ni maalimu, na neno la Kihindi la mnajimu. Hilo ni jina la kazi. Jina la Ahmad halimo, la Majid halimo, na Julfar haikutajwa.

Basi limetoka wapi? Limetoka Makka. Kutbudin Nahrawali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1582, aliandika kitabu juu ya ushindi wa Waturuki Yemen, na humo akataja jinsi Wafaranji walivyoingia Bahari ya Hindi. Anasema walikuwa wakiangamia kwa mawimbi katika pwani ya Afrika mpaka baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid alipoleweshwa na mkubwa wao, na katika ulevi wake akawaambia wasiikaribie pwani ile, bali watoke nje kilindini kisha wairudie nchi upande wa pili, na mawimbi hayatawadhuru. Mwaka 1922 Mfaransa Gabriel Ferrand aliziunganisha habari za Nahrawali na zile za Wareno, akatangaza kuwa rubani wa Malindi amepatikana. Tangu hapo habari ikazunguka dunia.

Tuipime habari hii kama alivyopenda yeye kupima mambo. Kwanza, Nahrawali alizaliwa baada ya tukio, na kitabu chake kiliandikwa zaidi ya miaka 70 baadaye, mbali na Malindi. Pili, siri inayodaiwa kutolewa haikuwa siri. Kutoka nje na kuikwepa pwani yenye mawimbi ni somo la kila maalimu, na njia ya Malindi hadi Calicut ilikuwa ikipitwa kila msimu. Vyombo vinne vya Bara Hindi vilivyokuwa vimetia nanga pale havikufika kwa muujiza, na kila kimoja kilikuwa na mtu wake wa njia. Hapakuhitajika kumlewesha mzee mashuhuri wa miaka sitini na zaidi kwa jambo ambalo watu kadhaa pale bandarini walilijua.

Tatu, na hili halitajwi sana, tazameni kalenda. Kwa hesabu, siku za Wareno kukaa Malindi ziliangukia mwisho wa Shaabani na kuingia Ramadhani ya mwaka 903. Merikebu ziling'oa nanga mfungo ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza. Sitasema kuwa hii ni hoja ya kukata shauri, kwa sababu mwenye kuasi huasi mwezi wowote. Lakini anayetaka tuamini kuwa mtu aliyewausia mabaharia tohara alikaa akileweshwa katika merikebu ya kigeni siku hizo hizo, ana kazi ya kutuletea shahidi aliyekuwako, na Nahrawali hakuwako.

Nne, Ahmad bin Majid hakuwa mtu wa kunyamaza juu ya safari zake. Katika Sofaliya kama ilivyotufikia mna mistari inayowataja Wafaranji, kuja kwao na kufika kwao Calicut, na wako wataalamu wanaodhani kuwa mistari hiyo iliongezwa na mkono mwingine. Hata tukiikubali yote, mtungaji anazungumza kama mtu aliyesikia habari mbaya. Hajiweki chomboni mwao. Tibbetts aliitilia shaka habari ya ulevi na ya urubani pia. Mtaalamu wa Kiarabu Ibrahim Khoury aliikataa. Na Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, aliandika kitabu kizima kumtakasa bwana huyu.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu yaliyofuata yalikuwa mazito. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaipora na kuichoma Mombasa. Watu waliopoteza nyumba, mali na ndugu walihitaji maelezo, na maelezo mepesi ni kwamba kuna mmoja wetu aliyefungua mlango. Ni vizuri kumlaumu mzee mmoja kuliko kukumbuka kuwa Malindi na Mombasa zilikuwa zikichukiana, na kwamba mizinga haikuhitaji rubani wa Julfar ili ipige.

Wareno wenyewe walitoa ushahidi mwingine bila ya kukusudia. Wakati wa kurudi hawakungoja msimu. Waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba 1498, kaskazi lilipokuwa bado halijashika, na njia waliyoikata kwa siku 23 wakati wa kwenda ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa kwa ugonjwa wa ufizi. Walipofika Malindi, Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, na São Rafael wakaichoma moto huko huko penye mafungu ya Mtangata palipowakwamisha mara ya kwanza. Kama walikuwa na elimu ya Ahmad bin Majid mkononi, ilikuwa wapi miezi hiyo mitatu?

Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 wa Hijra, unaoanzia 1500. Inaonekana alifariki si muda mrefu baada ya hapo. Elimu yake haikufa naye: Sulaiman al-Mahri wa Shihr aliiendeleza, na mwaka 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, aliyepoteza merikebu zake kwa Wareno na kwa dhoruba, alikusanya vitabu vya wote wawili akavigeuza kwa Kituruki. Mabaharia walimweka mahali pengine kabisa. Mwaka 1854 msafiri wa Kiingereza Richard Burton aliwakuta watu wa vyombo wa Aden ambao kabla ya kutweka tanga walikuwa wakimsomea Fatiha mtu waliyemwita Sheikh Majid. Walimdhania walii wa Sham, na wakasema ndiye aliyeivumbua dira.